Saa ya Kuposti, Waulizeni Kuku

Jumamosi, Agosti inaelekea ukingoni. Kasoli.

Leo upepo umeamka kabla yangu. Vumbi limeingia mpaka ndani ya chandarua, koo linawasha, na gumba langu la kulia lina alama tatu za mdomo wa jogoo ambaye mwenyewe wake simtaji, kwa heshima. Lakini nina furaha. Nina ile furaha ya kipuuzi ya kutabasamu peke yako ukiosha vyombo, na kwa kuwa huku kila ninayetaka kumsimulia alikuwepo na ameona mwenyewe, nakusimulia wewe, shajara yangu ya mtandaoni.

Kwa anayeingia humu kwa mara ya kwanza: mimi ni afisa mifugo wa kata. Kwetu ni Muheza. Barua ya ajira ilinileta Simiyu miaka mitatu iliyopita, nikiwa na begi moja na kiburi kingi. Huku wananiita Daktari. Kwa upande wa ng'ombe cheo hicho ni cha adabu tu, maana mtoto wa Kisukuma anamjua ng'ombe kuliko cheti changu kinavyomjua. Ila kwenye kuku, hapo nina la kusema.

Na ninalosema, nalisemea kwenye simu. Kaya za huku zimetawanyika, moja hapa, nyingine ng'ambo ya shamba la pamba, na kipaza sauti cha kijiji kilikufa kabla sijafika. Ukitaka watu wajue kwamba kesho kuna chanjo, unaposti: kwenye grupu la kata, kwenye stetasi, kwenye ukurasa wangu. Kuposti ni kazi ya dakika moja. Kujua uposti saa ngapi ndiko kumenitoa jasho mwaka mzima.

Chanjo yenyewe ni ya kideri, ule ugonjwa unaofagia banda zima ndani ya siku chache. Kila kuku ni tone moja jichoni, basi. Lakini kichupa kikishafunguliwa na kuchanganywa hakilali. Kinataka kuku wengi, mahali pamoja, ndani ya saa chache, la sivyo unamwaga. Na kuku naye ana masharti yake. Ukishamfungulia mlango asubuhi, humpati tena mpaka jioni atakapoamua mwenyewe kurudi.

Ngoja niungame.

Nina mpwa wangu, Rehema, binti wa dada yangu, ananiita Mamdogo. Yuko Dar, na kazi yake ni kuendesha kurasa za watu mtandaoni: duka la mabegi, saluni, na mpika keki mmoja. Rehema ana jedwali. Jedwali linasema saa mbili usiku ndiyo saa bora kuliko zote, kwa sababu watu wamekula, wamejinyoosha kwenye kochi, na simu iko usoni. Mimi nikalishika jedwali lile kama msahafu.

Mwaka jana, siku moja kabla ya chanjo, nilikuwa Bariadi kwenye semina. Saa mbili kamili nikaposti tangazo pamoja na picha ya jogoo mwekundu niliyoipiga kwa ustadi, kifua mbele, jua limemkaa vizuri. Laiki zikamiminika. Dar, Mwanza, Moshi, mpaka mtu wa Oman akaweka moyo. Nikakaa kwenye kitanda cha gesti nazitazama zinavyopanda, nikajiona mtu wa maana.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na kuku Kasoli.

Kasoli saa mbili usiku simu zimezimwa. Umeme haujafika kila kaya na chaji inatunzwa kama chumvi. Kesho yake nilifika joshoni, pale ng'ombe wanapoogeshwa dawa, ndipo tunapokutania, nikawakuta watu wanne. Nikachanja kuku wachache, nikamwaga kilichobaki, nikarudi nyumbani nimenuna kana kwamba wamenikosea wao.

Mama Kabula hakuwepo joshoni. Mama Kabula ndiye mwenye nyumba wangu. Kutoka mlango wake hadi wangu ni hatua ishirini, tena za mtu mwenye mguu mbovu. Hakuiona posti. Mimi nilidhani ameiona. Kwa nini nilidhani hivyo, nimejiuliza mara nyingi, na jibu langu linanitia aibu: nilidhani kwa sababu mtu wa Oman aliiona.

Wiki tatu baadaye kideri kikapita. Kuku wake walikuwa zaidi ya thelathini bila vifaranga. Akabaki tetea mmoja wa madoadoa, ambaye tangu siku hiyo anaitwa Shahidi. Mama Kabula alichimba shimo mwenyewe, akawafukia, akanawa mikono, na jioni akaniletea ugali na mlenda kama kawaida yake. Hakunilaumu. Angenilaumu, ningelala.

Mtu wa mbali ajue kwamba huku ng'ombe ni wa baba, lakini kuku ni wa mama, na hakuna anayemuuliza amchinje nani au amgawie nani. Kwa hiyo waliokufa hawakuwa kuku wa familia. Walikuwa wake, na mimi ndiye niliyelipwa mshahara kuwalinda.

Sikumwomba radhi. Nilianza sentensi mara nyingi, nikaimalizia kwa kuuliza habari za mvua.

Basi, huzuni imetosha, turudi kwenye vichekesho, maana navyo havikukosekana.

Mwezi Machi nikajaribu asubuhi. Jedwali la Rehema linaisifu saa tatu pia, eti watu wamefika kazini na wanaanza siku kwa kupekua simu. Nikaposti saa tatu kamili: njooni joshoni sasa hivi na kuku wenu. Safari ile walisoma! Simu zilishawashwa, ujumbe ukafika, kina mama wakatoka mbio. Tatizo ni kwamba saa tatu kuku wa Kasoli wameshafunguliwa zamani, wako mashambani na shughuli zao.

Nilichokiona sijakisahau. Watu wazima kumi na tano wanakimbiza kuku kwenye mashamba, mmoja kavua kanga anaitumia kama wavu, mwingine kalala kifudifudi juu ya mtama na chini yake hakuna kitu. Nami nikaingia uwanjani na koti langu jeupe, nikamfukuza jogoo mmoja mpaka mpakani mwa kitongoji. Alinisubiri nifike, ndipo akaruka. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Siku ile kamba yangu ilionekana mpaka Maswa.

Mama Kabula alikuwa amesimama kando, Shahidi yuko kwapani tangu alfajiri, maana yeye tangu mwaka jana namgongea mlango mwenyewe. Akanitazama nikirudi mikono mitupu.

"Daktari," akasema kwa upole, "kuku zimeshatembea. Sasa tukamate na mdomo?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anacheka tangu lile shimo, nikaona heri nimekimbia.

Lakini kichupa nilimwaga.

Mwezi Juni nikawa nimejifunza nusu ya somo: tangazo litoke siku moja kabla. Nikachagua saa saba mchana, saa ya chakula, ambayo kwenye jedwali la Rehema imepigiwa mstari mara mbili. Ulikuwa msimu wa kuuza pamba. Saa saba wanaume wote wa Kasoli wako kwenye mzani, wamekalia marobota wakisubiri zamu, na wakisubiri wanafanya nini? Wanatazama simu. Nikapata majibu ambayo sijawahi kuyapata. "Tumepokea Daktari." "Pamoja sana." Baba Kabula, mume wa mwenye nyumba wangu, aliweka vidole gumba vitatu. Nililala nikiwa mshindi.

Asubuhi joshoni walikuja watu saba.

Nikamuuliza Baba Kabula, kwani hakusoma? Akasema alisoma vizuri sana. "Nikaona ni habari ya kuku," akasema, bila ubaya wowote, kama mtu aliyepewa barua ya jirani kwa makosa akairudisha bila kuifungua. Wanaume wote walikuwa wameipokea habari yangu kwa mikono miwili na wakakaa nayo. Jioni wake zao walisikia habari za mzani, za foleni, za lori lililokwama, lakini za kuku hakuna aliyetamka.

Baada ya hapo mkubwa wangu wa Bariadi akaniita. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba kichupa kikimwagwa tena Kasoli, kinachofuata kitaenda kata nyingine, yenye watu wanaohudhuria. Na tetesi za kideri zilishaanza kusikika upande wa Nassa. Mama Kabula sasa alikuwa amefikisha kuku kumi na mmoja, Shahidi na watoto wake kumi waliokua. Jirani naye alikuwa ameanza upya, na jirani wa jirani. Yule mmoja ningeweza kumgongea mlango. Kata nzima siwezi.

Nikapewa kichupa kimoja, cha leo Jumamosi. Cha mwisho, kama nitaharibu.

Sasa sikia kilichotokea juzi Alhamisi.

Jioni nilikaa kizingitini na lile jedwali, nimekunja uso. Baba Kabula alikuwa kwenye kigoda chake anatazama video ya mnada wa ng'ombe. Kiza kilikuwa kinaanza kuingia, kuku wanarudi mmoja mmoja, wanajipanga mlangoni pa banda kama wana tiketi. Mama Kabula akatoka jikoni, akanyoosha mkono. Baba Kabula akampa simu bila kuuliza, mnada ukaishia katikati.

Jambo hilo limetokea mbele yangu kila jioni kwa miaka mitatu. Sijawahi kuliona.

Akawasha tochi ya simu. Akainama mlangoni pa banda akaanza kuwahesabu kwa Kisukuma, akimmulika kila mmoja kana kwamba anamtafuta mwizi. Nikainua macho. Ng'ambo ya shamba, kwenye kaya ya jirani, kulikuwa na mwanga mdogo mweupe, chini, usawa wa magoti. Kaya ya tatu, mwanga mwingine. Na kule mbali karibu na barabara, mwingine, unasogea taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Kila simu ya kitongoji kile ilikuwa imewaka, na kila moja ilikuwa mkononi mwa mwanamke, mlangoni pa banda, akihesabu kuku.

Nikiwa bado nimeduwaa, simu ikalia mkononi mwa Mama Kabula. Ujumbe. Akausoma palepale kwa sauti: wifi yake amefika Maswa salama. Akamwambia mumewe, akaendelea kuhesabu.

Nilisimama kwa ghafla kiasi kwamba Baba Kabula akauliza kama ni nge.

Jana Ijumaa sikupiga picha yoyote. Sikutafuta jogoo mwenye sura. Saa kumi na mbili nilikuwa kizingitini na simu mkononi. Saa moja kasorobo kuku wa kwanza akaingia. Saa moja kasoro dakika tano Mama Kabula akanyoosha mkono, Baba Kabula akatoa simu, tochi ikawaka, nami nikabonyeza:

"Hao kuku walioingia sasa hivi, msiwafungulie kesho. Waleteni joshoni alfajiri, saa kumi na mbili na nusu. Chanjo ya kideri."

Nikasikia ujumbe wangu mwenyewe ukilia hatua ishirini kutoka nilipo. Mama Kabula akausoma kwa sauti. Akafunga mlango wa banda, akaongeza jiwe.

Rehema akanipigia baada ya nusu saa, ana huruma kama aliyepigiwa simu ya msiba. "Mamdogo, jamani, saa moja? Saa hiyo watu wako njiani wanarudi nyumbani, nani ataiona? Tena hujaweka hata picha. Hiyo posti imezama." Nikaangalia. Laiki nne. Moja ya Rehema mwenyewe, ameniwekea kwa kunionea huruma. Hata mtu wa Oman hakuonekana.

Nakiri, laiki nne zilinichoma. Tabia haifi kwa siku moja.

Leo nimeamka kabla ya adhana, nikaswali, nikapakia sanduku la barafu kwenye pikipiki. Njiani nilijiambia wakija kumi na tano nitashukuru. Kabla sijafika joshoni, nikasikia. Wewe fikiria kuku wa kitongoji kizima, wamelala vizuri, halafu wameamshwa na kubebwa gizani.

Walikuwa kwenye matenga. Walikuwa kwenye magunia ya pamba yaliyotobolewa, vichwa nje. Kulikuwa na beseni lililofunikwa kanga na juu yake amekaa bibi mmoja ili lisifunguke. Baiskeli moja ilikuwa imening'iniza kuku pande zote mpaka tairi halionekani. Mstari ulizunguka josho lote, na kina mama walikuwa wanagombana nani kamkanyagia nani tenga, ugomvi mtamu ambao sijawahi kuusikia katika kazi yangu.

Na katikati ya wanawake wote hao alisimama Baba Kabula, amevaa koti lake la kwendea kwenye harusi, jogoo yuko kwapani, anatazama mbali kama mtu anayepita tu. Wanaume wenzake waliokuwa wanapeleka ng'ombe malishoni wakamzomea kidogo. Nikamsalimia, mwangaluka baba, umekuja na kuku leo?

"Mimi niliomba simu yangu tu," akasema. "Nikapewa jogoo."

Mama Kabula alikuwa amekaa mwisho kabisa wa mstari na tenga lake. Ndiyo desturi yake. Wa nyumbani hatangulizi shida zake mbele ya za wageni. Nikamwita aje mbele. Akakataa.

"Anza na wa mbali, ng'wanone," akasema. Ng'wanone ni mwanangu, na huwa ananiita hivyo akitaka nisibishane naye. "Sisi kwetu ni hapahapa."

"Hapana, mayu," nikamwambia, yaani mama. "Wa mbali nilianza nao mwaka jana."

Sikupanga kusema hivyo. Ilitoka yenyewe, mbele ya watu wote. Nikasema tu, nisamehe, mayu. Wale kuku thelathini, nisamehe.

Mama Kabula akafungua tenga, akamtoa Shahidi, akamshika kichwa vizuri, jicho juu, kama fundi.

"Ulituma," akasema. "Ila ulituma kwa watu ambao hawana kuku. Jana umetuma kwangu. Haya, weka dawa, watu wana kazi."

Nikaweka tone. Shahidi akapepesa jicho mara mbili, akatikisa kichwa, akanitazama kwa dharau. Sijawahi kumpenda kuku namna ile.

Tuliendelea mpaka jua likatoka kabisa. Yule jogoo wa kwenye koti la harusi ndiye aliyenidonoa, mara tatu, lakini nimeshaahidi simtaji mwenyewe. Na hapo likatokea jambo ambalo sikuwa nimejiandaa nalo. Kichupa kikaisha. Kikaisha kabisa, nikakitikisa, nikakiangalia juani, hakuna tone, na mstarini bado kuna kina mama wanane na matenga yao.

Walikasirika, na walikuwa na haki. Nikaandika majina ya vitongoji vyao kwenye kiganja nikawaahidi Jumatatu alfajiri nitawafuata mwenyewe, wasifungue mabanda mpaka nifike. Mmoja akasema, "Tutakuona, Daktari," kwa sauti ya mtu ambaye ameshaona mengi. Nikakipiga picha kile kichupa kitupu, nikamtumia mkubwa wangu wa Bariadi bila maneno. Alichukua saa nzima kujibu.

"Kesho njoo uchukue viwili."

Nimemsomea Mama Kabula ujumbe huo mara tatu. Mara ya tatu akaniuliza kama simu imeharibika.

Rehema nimemwambia pia. Ameuliza, kwa adabu kabisa, hao kuku wanaingia saa ngapi hasa, na je, inabadilika msimu wa mvua? Nadhani jedwali linaongezewa mstari. Nimemwambia sijui bado, nitachunguza, lakini ajue kwamba mpika keki wake naye lazima ana saa yake, na haiko kwenye jedwali. Iko mikononi mwa wanaokula keki. Inabidi akakae kizingitini kwao.

Hata mimi sijawa malaika. Mchana huu nimefungua ukurasa wangu mara sita kuangalia kama laiki zimeongezeka. Zimefika tisa. Nilifurahi, sitadanganya. Lakini nilifurahi kama mtu anayekutana na mchumba wake wa zamani sokoni, anasalimia na kuuliza bei ya nyanya.

Nimemaliza kuandika haya saa kumi na moja na nusu. Ningeweza kuyarusha sasa hivi. Siyarushi. Nimekaa kizingitini, simu mapajani, vumbi limetulia, Baba Kabula yuko kwenye kigoda na mnada wake, na wale kuku wanaanza kurudi mmoja mmoja kutoka shambani, bila haraka, kana kwamba hawajui ni wao ninaowasubiri.

Saa moja kasoro dakika tano. Mkono umenyooshwa. Simu imetolewa. Tochi imewaka.

Anahesabu.

"Kumi na moja, Daktari! Zimeingia zote!"

Haya. Naposti.